Rubisi ya Kwenda Nyamirembe

Juzi nilifungua stoo yangu nikakutana na harufu iliyonikalisha chini juu ya gunia la mkaa. Mkungu wa ndizi nilioletewa kutoka nyumbani Ngara nilikuwa nimeusahau humo, na ndizi zilikuwa zimepita kuiva, zimepasuka maganda, zinatoa ile harufu tamu yenye ukali kidogo nyuma yake. Mwanangu akachungulia akasema, "Mama, tupa hizo, zimeharibika." Nikamwambia hazijaharibika, ndiyo kwanza zimefika. Akacheka. Yeye amezaliwa Mwanza, ndizi kwake ni kitu cha kununua kwa kichane na kula na maziwa. Sikumweleza kitu. Nilibaki pale juu ya mkaa na gauni langu la kanisani, nalia kama mjinga, kwa sababu hiyo ndiyo harufu ya safari ambayo kwetu tuliipanga mwaka mzima na hatukwenda.

Ninyi wa rika langu mliokulia kwetu Bukiriro, Mbuba au kule Murusagamba mtanielewa nikisema kwamba siku zile hakuna aliyesafiri kwenda kuangalia kitu. Mtu alikwenda hospitali, alikwenda msibani, alikwenda sokoni, akarudi. Kupanda gari ili ukaone maji na miti ya watu wengine, huo ungeitwa wazimu. Lakini Baba alikuwa dereva wa lori la ushirika. Alishusha kahawa kutoka milima yetu hadi Bukoba, akarudi na chumvi, sabuni, mabati, chochote kilichopatikana. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa na mhuri, lakini Baba alikuwa na honi, na sisi watoto tulijua kipi ni kikubwa.

Mama hakuwa mtu wa Ngara. Alikuwa Mzinza wa Nyamirembe, ufukoni kabisa mwa Ziwa Viktoria. Kihangaza chake, lugha yetu ya Ngara, kilikuwa na lafudhi ya kwao, na wanawake wenzake walimwiga kisimani mpaka ndoo zinamwagika, naye akacheka kuliko wao. Tangu alipokuja kwetu hakuwa amerudi kwao hata mara moja. Mimi sikuona ajabu. Nilidhani ziwa liko mbali kama mwezi, kwamba watu hutoka huko lakini hawarudi.

Ziwa lenyewe sikuweza kulielewa. "Ukisimama kwetu," Mama aliniambia, "unaangalia mbele, huoni ng'ambo." Nikamwambia huo ni uongo. Kwetu ukisimama mlima huu unaona mlima ule, na mtu wa kule ukimwita anakuitika. Nchi isiyo na ng'ambo ni nchi gani? Basi asubuhi moja ya baridi akaniamsha mapema, akanipeleka nje nikiwa nimejifunga shuka. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni, mweupe, umetulia, vilele vya migomba tu vinachungulia. "Ziwa liko hivyo," akasema, "ila jua likitoka halipandi juu. Linabaki." Alisimama pale mpaka ukungu ukaisha wote. Mimi nilikuwa nasikia baridi, nikamvuta kanga turudi ndani.

Sijui hasa nani alianza kusema twende. Ninachokumbuka ni maharage. Jioni Baba akiwa nyumbani, tukishakula, alichukua maharage mabichi akayapanga sakafuni, moja moja. Hili Ngara. Hili Rusahunga. Hili Biharamulo, lenye boma la Wajerumani. Halafu aliacha nafasi kubwa tupu, akaipapasa kwa kiganja.

"Hapa msitu," alisema. "Hapa hakuna mtu. Unaendesha, unaendesha, hakuna moshi, hakuna mgomba, hakuna mtoto wa kukupungia mkono. Tembo akisimama barabarani unazima injini, unamngoja amalize shughuli zake."

"Na simba?" niliuliza.

"Simba hana shida, hana haraka na mtu. Mwenye haraka ni mbung'o."

Halafu harage la Nyamirembe. Hapo Mama alikuwa analisogeza kidogo kwa kidole, kila siku, eti Baba amelikosea. "Liweke karibu na maji, Baba Adela. Umewaweka watu wangu porini." Kutoka Nyamirembe maharage yalipanda kaskazini kuelekea Bukoba, yakifuata ukingo wa ziwa. Huko, Baba alisema, kulia ni maji matupu, kushoto ni msitu na miamba, na kuna mahali barabara inapanda mpaka unaona ndege wanaruka chini yako. Mpango ulikuwa huu: lori likijaa kahawa, mimi na Mama tupande, tuingie Nyamirembe tukalale kwa babu, halafu tufuate ziwa mpaka Bukoba, tukishusha kahawa turudi kwa njia hiyohiyo. Nilikuwa na usemi wangu kuhusu hilo. Nilitaka kukaa juu ya magunia. Mama alitaka nikae ndani kwenye kiti. Tuligombana safari nzima kabla ya safari yenyewe.

Mavazi nayo yalikuwa kesi. Kabla ya kutoka msituni palikuwa na kizuizi cha mbung'o, ambapo gari lilisimamishwa, watu wenye vikapu vya wavu wakaingia kuwasaka wale nzi wasije wakapelekwa vijijini kwenye ng'ombe. Na mbung'o, Baba alisema, anapenda rangi ya bluu kuliko nzi anavyopenda kidonda. Sasa mimi nguo yangu nzuri ilikuwa moja, sketi ya shule, ya bluu. Mama akatafuta mfuko mweupe wa unga, akaufua mpaka maandishi yakafifia, akanishonea gauni kwa mkono. Nikauliza, mbona lori lenyewe ni la bluu? Baba akamtazama Mama, Mama akamtazama Baba. "Nyamaza ule," nikaambiwa, na mimi nilikuwa nimeshakula.

Lakini kubwa kuliko yote ilikuwa pombe. Huwezi kwenda ukweni bila pombe, hilo hata mtoto alijua, na kwetu pombe ya heshima ni rubisi, ya ndizi. Na rubisi haina subira. Unavundika ndizi shimoni, unazifunika kwa majani na moshi mpaka ziive pamoja. Unazimenya, unazikamua kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, unatia unga wa mtama uliokaangwa, unafunika. Ikishachacha vizuri ni ya kunywewa leo na kesho. Kesho kutwa ni siki. Kwa hiyo lori na rubisi vilitakiwa kuwa tayari siku moja, kama bibi harusi na bwana harusi. (Huo mtumbwi wa kukamulia ndio mtumbwi pekee niliokuwa nimeuona maishani. Nilipoambiwa babu huvua samaki akiwa mtumbwini, nilimwona amekaa kwenye pombe, magoti yamemgusa kidevu.)

Tena ndizi zenyewe zilikuwa mbali. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kando ya barabara, migomba yetu mipya bado inafika magotini. Ndizi za pombe zilibaki kwenye mahame, kwenye kiwanja chetu cha zamani upande wa pili wa mlima, ambako nyumba ilikuwa imeshabomoka na nyani wamejifanya warithi. Mama alikwenda kuzikata, akarudi na mkungu kichwani, akaenda tena. Jirani yetu Mzee Gwasa alimsaidia kubeba. Mzee huyu alikuwa na mrija wake wa kunywea aliouchomeka daima kwenye mfuko wa koti, kama mwalimu na kalamu.

Mara ya kwanza rubisi ilikuwa tayari, vibuyu vimefungwa midomo kwa majani, gauni langu limenyooshwa. Lori likakatika springi huko Rulenge. Baba akatuma salamu kwamba haji. Pombe haiwezi kukaa, basi majirani wakaitwa, wakanywa, wakaimba, wakatuombea safari njema ya mwezi ujao. Mara ya pili dizeli haikupatikana wilaya nzima. Majirani wakaitwa tena, na safari hii hawakungoja sana kuitwa. Mzee Gwasa alifuta mdomo akasema, "Mama Adela, safari yenu hii ni nzuri sana. Muiahirishe kila mwezi." Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Niliingia ndani nikajifunika gubigubi. Nilimchukia yule mzee na mrija wake kwa moyo wangu wote.

Huko Nyamirembe nako walikuwa wanajua. Palikuwa na mchuuzi wa samaki wakavu aliyekuja na baiskeli hadi minada yetu, na Mama alimtuma maneno kila alipopita. Tunakuja. Hatujaja kwa sababu ya springi. Hatujaja kwa sababu ya dizeli. Tunakuja. Mchuuzi alirudi na maneno ya huko: babu macho yanamwishia, anauliza mnafika lini. Siku aliposema hivyo Mama alinunua samaki wengi kuliko tulivyoweza kula, akasahau kuomba apunguziwe bei.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, ambayo nimeikumbuka vibaya nusu ya maisha yangu.

Ndizi zilikuwa shimoni, zimevundikwa juzi yake tu. Ilikuwa mchana, jua kali baada ya mvua. Nikasikia honi. Lori hilo hapo, limejaa magunia ya kahawa, halikutarajiwa mpaka wiki ile iishe! Bukoba walikuwa wameharakisha mzigo, Baba akaambiwa apakie na kuondoka mara moja. Niliruka. Nilivaa lile gauni la mfuko kichwa kikapitia mkononi, nikatoka nje nimelivaa mbele nyuma, nikakimbilia kwenye gurudumu ili nipande.

Baba na Mama walikuwa wamesimama upande wa pili wa lori, wanazungumza kwa sauti ya chini. Sikuwasikia. Chini ya lori niliona miguu tu: viatu vya Baba vya tairi vinakwenda mbele, vinarudi, na miguu mitupu ya Mama imesimama mahali pamoja. Wakakaa hivyo muda mrefu. Halafu Baba akazunguka akaja kwangu. Akachuchumaa akanigeuza lile gauni vizuri, mshono ukakaa nyuma.

"Hatuendi leo, Adela," akasema. "Ndizi bado. Tungoje pombe, kesho kutwa tunaondoka. Nitawaambia watu wa ushirika lori lina hitilafu."

"Twende bila pombe!"

"Hatuendi kwa babu yako mikono mitupu. Nimesema."

Mama alikuwa ameingia ndani. Nilimfuata nikamkuta amekaa jikoni mgongo ukutani, kanga usoni, analia bila sauti. Basi. Mtoto ana hesabu yake: Baba kasema hatuendi, Mama analia, kwa hiyo Baba ndiye amemliza. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Mnajua kilichofuata, maana nyote mlikuwapo. Redio ya mwenyekiti ilitolewa nje ikawekwa juu ya meza, watu wakasimama kuizunguka, hata wale wasiojua Kiswahili. Majeshi ya Uganda yalikuwa yamevuka mpaka, yameingia Kagera. Sikuelewa. Nilielewa tu kwamba watu wazima hawakutafuna kitu, hawakutema mate, hawakumfukuza mbuzi aliyekuwa anakula mahindi ya mtu. Agizo likaja kutoka wilayani kwamba malori yote yanahitajika, pamoja na madereva wake.

Ilikuwa ile siku ya kesho kutwa. Ndizi zimekamuliwa, rubisi imechacha vizuri kuliko mara zote mbili, povu limesimama. Vijana wakashusha magunia ya kahawa kwenye ghala la kijiji. Baba akachukua blanketi na sufuria ndogo. Mama akamjazia kibuyu kimoja, akamfungia mdomo kwa jani, akakiweka mwenyewe kwenye kiti nilichotakiwa kukaa mimi. Walishikana mikono kama watu wanaoagana mnadani. Lori likaondoka kwa njia ileile ya maharage, Rusahunga, Biharamulo, msitu, ziwa, na mimi nimesimama barabarani na gauni langu jeupe.

Jioni ile Mzee Gwasa alikuja. Alisimama mlangoni, akautazama mtumbwi uliojaa, mkono ukaenda mfukoni kwenye mrija, ukarudi mtupu. "Shikamoo," nikamwambia kwa kuwa ilibidi. "Marahaba, mjukuu," akasema, akageuka akaenda zake. Hakuna aliyekunywa. Rubisi ile ilichachuka mpaka nyuki wakaiacha, Mama akaimwaga kwenye migomba.

Vita nilivyovijua mimi ni hivi: sabuni ilikwisha, kila nyumba ilitoa ndizi na maharage ya askari, ng'ombe walipita barabarani kwa makundi hawakurudi. Na Baba alikuwa kwenye safari yetu. Hivyo ndivyo nilivyoona. Nilimwuliza Mama, "Baba yuko wapi sasa?" akajibu, "Yuko barabara ya ziwani, anapeleka chakula." Barabara ya ziwani! Nilimwona Baba amekaa mahali pale pa juu, ndege wanaruka chini yake, anakunywa rubisi kwenye kibuyu chetu. Nilinuna wiki nzima. Mama alidhani ninaogopa mabomu, akanilaza kitandani kwake.

Mchuuzi wa samaki alipokuja tena hakuwa na samaki. Alikuja na baiskeli tupu, na alivua kofia akiwa bado mbali. Mama alipoona ile kofia alikaa chini hapohapo barabarani. Babu alikuwa amefariki. Mchuuzi alisema mzee alishinda ameketi kando ya njia ya kwenda bandarini, na kwa kuwa macho hayaoni, kila gari likipita aliuliza, "Hilo ni la bluu?" Na magari siku hizo yalikuwa mengi, mengi mno, yote ya jeshi. Mama alinyoa nywele. Aliomboleza peke yake ugenini, kwa Kizinza, na wanawake wa kisimani walimzunguka wakamwitikia bila kuelewa maneno.

Baba alirudi baada ya vita, kwa miguu kutoka njia panda, na koti la jeshi lililomzidi mabega. Lori alikuwa ameliacha huko, limekufa. Alikuwa amekonda, anasikia taratibu, ukimwita mara moja hageuki. Mama akampa maji, akampa chakula, ndipo akamwambia habari za babu. Baba aliweka kijiko chini.

"Wewe ndiye uliyesema tungoje pombe," nikasema.

Baba alimtazama Mama. Mama alikuwa anatazama chungu mekoni. Nilingoja kofi, kwa kweli, maana wazazi wa siku zile hawakuwa na mchezo. Lakini Baba akanigeukia, akasema polepole, "Ndiyo, mwanangu. Ni mimi."

Tangu siku ile sikumwona akishika mrija. Penye rubisi aliomba chai, watu wakamtania kwamba jeshi limemfanya mlokole. Niliona ni haki yake. Mapenzi yangu kwake hayakuisha, lakini yalikaa kando, kama mtu aliyekunja miguu kumpisha mwingine. Nilikua, nikasoma, nikaja kufundisha huku Mwanza. Kila likizo nilimsalimu, "Shikamoo Baba," huku nimeshapita kwenda jikoni kwa Mama, na ile marahaba yake ilinifikia mgongoni. Kuhusu alichokiona vitani hakusema, kuhusu ziwa hakusema. Nilimwuliza mara moja tu nikiwa msichana mkubwa, "Na barabara ya ziwani, uliiona?" Akasema, "Niliiona." Akaendelea kunoa panga.

Baba alifariki mzee, kitandani kwake, tukamzika kwenye migomba. Baada ya matanga nilimwambia Mama, sasa inuka, nakupeleka Nyamirembe. Lami imefika, gari ninalo, hakuna wa kutuzuia. Nilitaka tuondoke asubuhi ile ile. Mama, jamani! Mtu wa kutembea kwa fimbo, akaniangalia akasema, "Ndizi bado." Nikapandwa na hasira mpaka nikatoka nje kutembea. Lakini nilirudi, nikachimba shimo mwenyewe, nikavundika ndizi kwa mikono hii ya chaki, tukangoja.

Njia ile inamalizika upesi siku hizi, inatia uchungu. Rusahunga hiyo, Biharamulo hiyo. Msituni niliendesha taratibu, nikafungua vioo, nikangoja tembo, mbung'o, mtu yeyote. Alikuja mbung'o mmoja akamuuma Mama, Mama akamwua kwa kanga, akafurahi kama ameonana na ndugu. Halafu tulishuka mteremko, na mbele hapakuwa na ng'ambo. Nilisimamisha gari katikati ya barabara. Ulikuwa ule ukungu wa Bukiriro, na jua lilikuwa juu, na haukupanda.

Mjomba, mdogo wake Mama, mzee naye, alitupokea kwa machozi akatupeleka kaburini. Mama alifanya ishara ya msalaba, akafungua kibuyu, akamimina. Mjomba akatikisa kichwa.

"Dada, pombe ya nini tena?" alisema. "Mwanzoni kweli mzee alikasirika. Ulitoroka na dereva bila hata mrija mmoja kufika hapa, akaapa hutakanyaga uani kwake bila pombe. Lakini macho yalipomwishia, maneno hayo aliyasahau. Mchuuzi akisema mnapika pombe kwanza, mzee anafoka, 'Nani ameomba pombe? Waje mikono mitupu, nitawapa mimi samaki.' Hakukwambia yule?"

"Hakuniambia hilo," alisema Mama.

Sikuwa najua kwamba Mama alitoroka. Nilidhani rubisi ile ni zawadi tu, kama mtu anavyobeba sukari. Mama alishuka hadi majini, akakaa juu ya jiwe, akaingiza miguu. Nilikaa karibu naye.

"Siku ile," akasema bila kunitazama, "baba yako alikuwa ameshafungua mlango wa lori. Alinisihi. Alisema, 'Mzee atatupokea, panda tu, nitapiga magoti mimi.' Mimi ndiye niliyekataa. Niliona haya, Adela. Niliona haya kuingia uani kwa baba yangu kama nilivyotoka. Nikasema kesho kutwa."

Maji yalikuwa yanakuja yanarudi. "Sasa mbona alisema ni yeye?" nikauliza. "Mbona mlinyamaza miaka yote hii?"

"Nilitaka kukwambia. Alinikataza. Alisema, 'Mimi niko barabarani, akinuna ataninunia mimi na gari langu. Wewe ndiye unayeshinda naye.' Halafu akakosa gari, akawa anashinda nyumbani, na wewe bado umenuna. Nikamwambia, Baba Adela, sasa tumwambie. Akasema, 'Amekuwa mtu mzima, ameshasahau.'" Akanawa uso kwa maji ya kwao. "Na pombe aliacha kwa ajili yangu. Mimi nikisikia tu harufu yake nilikuwa nalia."

Tulipokuwa tunarudi garini niliona amekishika kibuyu cha pili, bado kimefungwa jani. Nikamwuliza hicho ni cha nani, mbona hajawapa wenyeji. "Hicho ni chake," akasema. "Kiweke hapo mbele kisimwagike."

Hatukufuata ufuko mpaka Bukoba. Mama alichoka, na mimi sikuwa na macho ya kuangalia barabara ya Baba. Tulirudi Bukiriro kesho yake, na ilipofika zamu ya kwenda kwenye kaburi la migombani Mama alinipa kibuyu nikaenda peke yangu. Rubisi ilikuwa imeanza kuchachuka, ilinipanda puani. Nilimimina yote, nikapiga magoti kwenye ule udongo ambao ulikuwa bado haujashikana vizuri. Nikasema, "Shikamoo Baba." Safari hii sikupita kwenda jikoni.